Hesabu Ifanywe Mara Moja: Kusoma Thamani Zilizokokotolewa na Hifadhidata Ndani ya Java

Ndugu mwenyekiti wa kikao, walimu wetu, makarani wa vyama vya ushirika mliotoka Sikonge, Urambo na Uyui, na ninyi vijana wenzangu mnaoandika programu hapa Tabora mjini, wakubwa zangu shikamooni, na wengine habari za asubuhi. Nimepewa nafasi ya kuzungumzia jambo ambalo kwa jina linaonekana dogo, nalo ni namna programu ya Java inavyopaswa kusoma thamani ambazo hifadhidata imezikokotoa yenyewe, bila programu hiyo kupewa ruhusa ya kuziandika. Nimelichagua kwa sababu nimeona hesabu za watu zikivurugika kwa ajili yake, na watu hao walikuwa wafugaji nyuki ambao hawakuwa na njia yoyote ya kujua kwamba kosa limejificha katika mistari miwili ya programu.

Nianzie kwenye mizani. Mfugaji huleta asali kituoni katika ndoo ya lita 20, na kwa kuwa lita moja ya asali ina uzito wa takriban kilo 1.4, ndoo iliyojaa hukaribia kilo 28. Karani hupima ndoo pamoja na asali, hutoa uzito wa ndoo tupu, na kinachobaki ndicho kinacholipiwa. Kwa hiyo katika jedwali la mapokezi kuna namba tatu: uzito wa jumla, uzito wa ndoo na uzito halisi. Mbili za kwanza zinatoka kwa mtu aliyesimama mbele ya mizani. Ya tatu imezaliwa na hizo mbili, na mfumo unaoruhusu iandikwe peke yake umeruhusu pia siku moja ipingane na wazazi wake.

Hilo nililijua baada ya kuumbuka. Nilikuwa nimetengeneza mfumo wa mapokezi kwa kikundi kimoja cha wafugaji, na namba hiyo ya tatu nikaifanyia hesabu mahali pawili: Java iliikokotoa kwa ajili ya stakabadhi, na hifadhidata, ambayo ilikuwa PostgreSQL, iliikokotoa kwa ajili ya orodha ya malipo. Siku moja mzee mmoja alipimiwa kilo 29.35 pamoja na ndoo yenye kilo 1.10. Kilichobaki ni kilo 28.25, na pande zote mbili nilikuwa nimeziagiza zibakize desimali moja. Sasa, `DecimalFormat` ya Java, usipoielekeza vinginevyo, ikikuta nusu kamili huisogeza kuelekea tarakimu shufwa iliyo jirani, hivyo stakabadhi ikaandika 28.2. Amri ya `round` ya PostgreSQL, kwa namba za aina ya `numeric`, nusu kamili kama hiyo huipandisha, hivyo orodha ya malipo ikaandika 28.3. Mzee alirudi na karatasi zake mbili mkononi, ingawa tofauti ilikuwa imemwangukia upande wa faida, akaniuliza: “Mwanangu, mizani ilikuwa moja, mbona kilo ni mbili?” Kila upande ulikuwa umefuata kanuni yake kwa usahihi. Aliyekosea ni mimi niliyeipa hesabu moja wenyewe wawili.

Ndiyo maana neno langu la leo ni hili: thamani inayokokotolewa iwe na mwenyewe mmoja, na mwenyewe huyo akiwa hifadhidata, basi Java isome tu. Naipendelea hifadhidata kwa sababu si Java peke yake inayoisoma. Mhasibu anatoa ripoti zake humo humo, na kesho atakuja kijana mwingine na programu ya simu iliyoandikwa kwa lugha nyingine kabisa. Hesabu iliyoko ndani ya klasi ya Java haitawafikia hao, nao wataibuni upya kila mmoja kwa namna yake.

Ugumu unaanza kwa sababu zana zetu zilijengwa juu ya matarajio tofauti. Hibernate, zana inayounganisha klasi za Java na majedwali ya hifadhidata, iliyoanzishwa na Gavin King mwaka 2001, na baadaye JPA, kanuni rasmi ya Java kwa kazi hiyo hiyo, iliyotoka mwaka 2006, zinachukulia kwamba kila uga wa klasi una safu yake ya wima katika jedwali, na kwamba kinachosomeka kinaandikika pia. Ukihifadhi kitu kipya, amri ya `INSERT` inabeba safu zote. Usiposema lolote, Java itajaribu kuandika hata ile namba ambayo si yake. Inabidi tuseme, na namna ya kusema inategemea swali moja ambalo nawasihi mlijibu kabla ya kugusa kibodi: thamani hii inategemea nini? Je, inategemea safu nyingine za mstari huo huo, au mistari mingine, au saa ya ukutani?

Uzito halisi unategemea mstari huo huo, na kwa hali hiyo dawa ipo ndani ya hifadhidata zenyewe. Oracle ilileta safu za kukokotolewa katika toleo la 11g mwaka 2007, MySQL katika toleo la 5.7 mwaka 2015, na PostgreSQL katika toleo la 12 mwaka 2019. Katika PostgreSQL safu hiyo hutamkwa hivi:

`uzito_halisi numeric(8,2) GENERATED ALWAYS AS (uzito_jumla - uzito_ndoo) STORED`

Kuanzia hapo hakuna mtu anayeweza kuiandika, awe karani, awe msimamizi wa hifadhidata, awe mimi. Upande wa Java tunaiambia JPA isiiguse katika kuingiza wala katika kubadilisha:

`@Column(name = "uzito_halisi", insertable = false, updatable = false)`
`private BigDecimal uzitoHalisi;`

Tazameni kwamba nimeandika `BigDecimal` wala si `double`, kwa kuwa `double` hukadiria desimali, na kilo hizi zitazidishwa kwa shilingi. Tazameni pia kwamba sitaweka methodi ya `setUzitoHalisi`. Hibernate ikiwa imeelekezwa kusoma nyuga moja kwa moja haiihitaji methodi hiyo, na kuiacha wazi ni kumdanganya atakayesoma klasi yako kwamba anaweza kuweka namba humo na ikasikika.

Wengi huishia hapo wakadhani kazi imekwisha, nami niliishia hapo pia. Kesho yake stakabadhi zilitoka zikiwa na nafasi tupu mahali pa uzito halisi. Sababu yake ni nyepesi ukishaijua: Java ilituma uzito wa jumla na uzito wa ndoo, hifadhidata ikafanya hesabu na kuihifadhi sawasawa, lakini hakuna aliyerudi kuuliza jibu ni ngapi. Kitu kilichoko kwenye kumbukumbu ya Java bado kilikuwa kile kile kilichotumwa, na uga wake wa tatu haukuwahi kujazwa. JPA kwa kanuni yake hairudi kusoma. Lazima uiagize kwa `flush` ili mabadiliko yapelekwe, kisha `refresh` ili mstari usomwe upya. Hibernate ina njia fupi zaidi, nayo ni alama ya `@Generated` juu ya uga huo, inayoifanya irudi kuisoma thamani yenyewe baada ya kuandika.

Hapa naomba makarani mnivumilie kidogo, kwa maana nalisemea jambo litakalowapata wanaoniandikia barua usiku. Katika matoleo ya sasa ya Hibernate, alama hiyo usipoiongezea maelezo hurudi kusoma baada ya kuingiza tu. Karani akigundua kwamba aliandika uzito wa ndoo vibaya na kuurekebisha, hifadhidata itakokotoa upya, lakini kitu kilichoko Java kitabaki na jibu la zamani mpaka kisomwe tena. Ni lazima uitajie matukio yote mawili, `INSERT` na `UPDATE`. Kosa la namna hii halionekani siku ya majaribio, kwa kuwa siku ya majaribio sote tunaingiza data safi na hakuna anayerekebisha.

Sasa tuje kwenye thamani inayotegemea mistari mingine, ambako ndiko kuna shamba lenye visiki vingi. Mfugaji ana mapokezi mengi katika msimu, na tunataka kila tunapomsoma mfugaji tuione jumla ya kilo zake. Safu ya kukokotolewa haiwezi kutusaidia, kwa sababu katika PostgreSQL hairuhusiwi kutazama nje ya mstari wake. Hibernate inatupa alama ya `@Formula`, ambayo ndani yake tunaandika kipande cha SQL halisi, nacho hupachikwa katika ulizo kila mfugaji anaposomwa:

`@Formula("(select coalesce(sum(m.uzito_halisi), 0) from mapokezi m where m.mfugaji_id = id)")`
`private BigDecimal jumlaYaKilo;`

Mabano ya nje ni ya lazima, kwa kuwa hili ni ulizo ndani ya ulizo. `coalesce`, inayoweka sifuri mahali pa thamani tupu, nayo ina sababu: mfugaji aliyejiunga jana na hajaleta hata ndoo moja, `sum` yake si sifuri bali ni thamani tupu, na kama uga wako ungekuwa wa aina ya msingi kama `long`, Hibernate ingegoma kumsoma mfugaji huyo kabisa. Lakini kilichonisumbua mimi siku nzima ni herufi moja, ile `m` iliyotangulia majina ya safu. Hibernate ikikuta ndani ya `@Formula` jina la safu lisilo na lakabu ya jedwali, yaani jina fupi kama hiyo `m`, hulibandika lakabu ya entiti inayosomwa, yaani klasi iliyofungwa na jedwali lake, ambayo hapa ni mfugaji. Hivyo `id` pale mwishoni inageuka kuwa `id` ya mfugaji, na ndivyo tunavyotaka. Ukiandika `mfugaji_id` bila `m`, itaitafuta safu hiyo katika jedwali la wafugaji, haitaiona, nawe utapokea ujumbe wa kosa unaotaja lakabu ambayo hukuiandika popote. Na jedwali la nje likiwa kwa bahati mbaya lina safu yenye jina hilo hilo, hakutakuwa na ujumbe wowote. Kutakuwa na jumla isiyo sahihi. Kila safu ya jedwali la ndani ipewe lakabu yake, bila kuchoka.

Uzuri wa `@Formula` ni kwamba thamani yake inatumika katika maulizo kama uga wowote: unaweza kuwapanga wafugaji kwa jumla ya kilo, au kuwachuja wenye zaidi ya kilo 500. Methodi ya kawaida ya Java iliyowekewa `@Transient` haiwezi hilo, kwa kuwa hifadhidata haijui kwamba methodi hiyo ipo. Ila mtambue kwamba `@Formula` ni ya Hibernate pekee. JPA haina kitu cha namna hiyo, na anayetumia EclipseLink, zana nyingine inayofuata JPA, atafute njia nyingine.

Kisha kuna suala la muda. Thamani ya `@Formula` ni picha iliyopigwa wakati wa kusoma. Ukimsoma mfugaji, ukamwongezea ndoo nyingine katika sesheni hiyo hiyo, yaani kipindi kimoja cha kazi cha Hibernate, kisha ukaitazama `jumlaYaKilo`, utakuta namba ya kabla ya ndoo hiyo. Wapo wanaodhani kwamba wakimtafuta tena kwa ulizo jipya watapata namba mpya. Hawataipata. Hibernate ndani ya sesheni moja huweka kitu kimoja kwa kila mstari. Ulizo jipya litakwenda kweli mpaka kwenye hifadhidata na kurudi na namba sahihi, lakini Hibernate ikiona kwamba mfugaji huyo tayari inaye, itakurudishia yule yule wa mwanzo bila kumbadilisha chochote. Njia sahihi ni kupeleka kwanza mabadiliko kwa `flush`, halafu kumfanyia mfugaji `refresh`, ukijua kwamba `refresh` hufuta mabadiliko yoyote uliyomfanyia ambayo bado hayajapelekwa. Mpangilio huo usigeuzwe. Na kama entiti hiyo umeiruhusu kukaa katika kashe ya ngazi ya pili, ile hifadhi ya muda inayoshirikiwa na sesheni zote, basi jumla ya zamani inaweza kuhudumiwa kwa watu wengine pia, kwa muda wote kashe itakapoishikilia. Maoni yangu ni kwamba entiti yenye `@Formula` inayojumlisha mistari mingine isiwekwe kwenye kashe hiyo kamwe.

Halafu kuna gharama. Ukifungua orodha ya wafugaji 400, hifadhidata inajumlisha mara 400, hata kama ukurasa wako unaonyesha majina na namba za simu tu. Mtu atasema aweke `@Basic(fetch = FetchType.LAZY)` ili thamani isubiri hadi itakapohitajika; lakini katika Hibernate ombi hilo halitekelezwi mpaka klasi ziwe zimeongezewa uwezo huo wakati wa kujenga programu, na bila hivyo linapuuzwa kimyakimya. Angalau hakikisheni kuna faharasa kwenye safu ya `mfugaji_id`, kwa maana PostgreSQL haiitengenezi yenyewe kwa sababu tu safu hiyo ni ufunguo wa nje.

Kwa ripoti, mimi nimeacha kabisa kubebesha entiti jumla za namna hii. Kuna njia mbili ninazozitumia. Ya kwanza ni kuandika ulizo linalorudisha moja kwa moja klasi ndogo ya matokeo, kwa `select new`, ambayo JPA imekuwa nayo tangu mwanzo. Klasi hiyo si entiti, haifuatiliwi na Hibernate, na haina namna ya kuandikwa popote. Ya pili ni mwonekano, yaani ulizo lililohifadhiwa kwa jina ndani ya hifadhidata na linalosomeka kama jedwali. Mwonekano wa salio la mfugaji kwa msimu, kwa mfano, unawekwa katika entiti yake yenye alama ya `@Immutable`, na Hibernate haitatafuta mabadiliko ndani yake wala kujaribu kuyaandika. Jueni tu kwamba haitalalamika pia: mtu akibadilisha uga wa entiti hiyo, badiliko linapotea bila kelele, ndiyo maana narudia kusema kwamba methodi za `set` zisiwepo.

Entiti ya mwonekano inahitaji `@Id`, na hapo ndipo nilipokwama mara ya tatu. Mwonekano wangu ulikuwa na mstari mmoja kwa kila mfugaji katika kila msimu, nami kwa haraka nikaweka `@Id` kwenye namba ya mfugaji peke yake. Ripoti ya mfugaji mwenye misimu miwili ilionyesha mistari miwili, na mistari yote miwili ilikuwa ya msimu ule ule, kilo zile zile, shilingi zile zile. SQL nilipoiendesha kwa mkono ilitoa majibu sahihi, nikaanza kuilaumu Hibernate. Kumbe Hibernate ilikuwa inashika ile kanuni yake ya kitu kimoja kwa kila utambulisho: mstari wa pili ulipokuja na namba ile ile, ikaniletea kitu cha kwanza tena. Utambulisho lazima uwe wa kweli, kwa hiyo mfugaji na msimu kwa pamoja.

Kuna alama nyingine inayosahaulika, `@Synchronize`, ambayo ndani yake unataja majedwali yanayolisha mwonekano, kwetu sisi `mapokezi` na `malipo`. Hibernate kabla ya kuuliza jedwali hupeleka kwanza mabadiliko yaliyosubiri juu ya jedwali hilo. Lakini mwonekano kwake ni jina tu. Haijui kwamba nyuma yake kuna mapokezi, na usipoitajia itauliza salio wakati ndoo ya mwisho bado iko mfukoni mwake. Na mkiacha Hibernate iunde majedwali yenyewe, itaunda jedwali tupu lenye jina la mwonekano wenu, na salio la kila mtu litakuwa halipo. Mpangilio wa hifadhidata uandikwe kwa SQL na uendeshwe kwa Flyway au Liquibase, zana za kusimamia mabadiliko ya mpangilio huo.

Imebaki thamani inayotegemea saa. Chama kinataka kujua asali ya kila mapokezi imekaa ghalani siku ngapi. PostgreSQL itaikataa safu ya kukokotolewa yenye `current_date`, na ina haki, kwa sababu jibu lililohifadhiwa leo litakuwa uongo kesho. `@Formula` itakubali. Hata hivyo mimi hupendelea siku hizo zihesabiwe na methodi ya Java kutoka tarehe ya kupokelewa, na pale tu ninapohitaji kuchuja ndipo nalinganisha tarehe ndani ya ulizo. Kwa vyovyote, chungeni ukanda wa saa: seva iliyowekwa kwenye saa za UTC iko nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo kuanzia usiku wa manane mpaka saa tisa za alfajiri hapa Tabora, `current_date` yake bado inasoma jana.

Namalizia na jaribio ambalo nimeliweka katika kila mradi tangu siku ya yule mzee, na vijana naomba mliandike kabla ya kuandika ukurasa wowote. Linahifadhi mapokezi ya kilo 29.35 na ndoo ya kilo 1.10, na papo hapo linadai kwamba uga wa uzito halisi ndani ya kitu hicho hicho unasoma 28.25, likilinganisha kwa `compareTo` kwa kuwa `equals` ya `BigDecimal` huziona 28.25 na 28.250 kuwa namba mbili. Kisha linaurekebisha uzito wa ndoo kuwa 1.20, linaita `flush`, na kudai 28.15. Kisha linaisafisha sesheni kwa `clear`, linamsoma mfugaji upya na kuilinganisha jumla yake. Mwisho linatuma amri ya SQL yenye nia mbaya, ya kuiandika `uzito_halisi` kuwa kilo 30 kwa mkono, na halifaulu mpaka PostgreSQL iwe imeikataa amri hiyo.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Niko tayari kwa maswali, na kompyuta yangu ina mradi huo wote kwa atakayetaka kuuendesha.